So, Mi, na Debe la Nyanya

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni hivyo vitu masikioni. Sijali ni wimbo gani unaimbwa humo ndani. Mimi shule niliigusa kwa ncha ya kidole tu, na haya nimeyaandika pole pole kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo na nyinyi mtasoma pole pole. Nitawaambia jinsi nilivyojifunza do, re, mi, na kile nilichokuwa natafuta humo. Si habari ya kufurahisha sana. Anayetaka kufurahishwa aende harusini.

Juzi mwanangu alibomoa jikoni ya zamani, ile ya mbao iliyokuwa imelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Nilikuwa nimekaa kivulini nachambua maharagwe. Akachukua debe kuukuu ambalo kuku walikuwa wamelifanya kiota, akalirusha juu ya rundo la mabati. Likalia. Maharagwe yakanimwagika yote mpaka chini, na mke wake akaja mbio akidhani ni presha.

Haikuwa presha. Nilikuwa nimegeuka kwa sababu nimeitwa.

Debe hilo lilikuwa la nyanya yangu, mama ya baba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo yeye alikuwa Nyawira na mimi nikawa Nyawira. Baba alikufa wakati wa vita vya msitu, vile vya kumfukuza Mzungu, kabla sijaanza kushika mambo. Bendera ilipobadilishwa, tulikuwa tumebaki wawili kwenye boma, ng'ambo ya bonde ukitoka Karatina: Nyawira mkubwa, Nyawira mdogo, na mbuzi. Mama alikuwa Nanyuki akifua nguo za watu. Niliambiwa hivyo, ameenda kazi. Mwanzoni alikuwa anakuja, analeta sukari na kipande cha sabuni, analala, asubuhi anaondoka. Halafu akawa haji. Sikuuliza. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kuulizwa.

Ndani ya nyumba palikuwa na kigoda cha baba, karibu na moto. Hakuna aliyekikalia. Hata mgeni akija, nyanya alikuwa anamwonyesha mahali pengine kwa kidevu. Upande wa pili wa moto palikuwa mahali pa mama, na hapo napo pamefagiwa, hapajawekwa kuni wala chungu. Mimi nilikua nikijua hivyo: mahali pakiachwa wazi, pana mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo la jioni, kwa sababu ndilo lenyewe. Jua likianza kuingia nyuma ya Nyandarua, akina mama wa bonde lote walikuwa wanatoka nje na kuita watoto. Mu-mbii! Nje-rii! Hakukuwa na simu, ilikuwa koo ya mtu na hewa. Sauti inavuka mto, inagonga kilima cha ng'ambo, na mtoto huko malishoni anaitika, "Yuu!" Mmoja mmoja walikuwa wanaitwa, wanaitika, wanaondoka na mifugo yao, mpaka nabaki mimi peke yangu kwenye mteremko na baridi inapanda kutoka mtoni. Ndipo nasikia debe. Nyanya yangu alikuwa analipiga kwa mwiko wa ugali, ka-ka-ka, basi. Hivyo ndivyo nilivyoitwa.

Siku moja mwanamke jirani alimwambia, "Lakini Nyawira, si umwite huyu mtoto kwa mdomo kama watu?"

"Nisimame hapa juu nijiite mwenyewe?" nyanya akasema. "Ng'ambo watasema Nyawira amepotea na anajitafuta."

Wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi sikucheka.

Mama naye alipokuwa nyumbani hakulitaja jina hilo kwa sauti, kwa sababu lilikuwa la mama mkwe wake, na mke wa mtu halipigii kelele jina la mama mkwe juu ya bonde. Aliita bila jina. Sauti mbili tu, moja juu, moja chini. Hilo nililikumbuka, kwamba zilikuwa mbili. Lakini zilivyokwenda nilikuwa nimesahau. Nililala nikizitafuta, na kila nilipozikaribia, debe lilikuwa linaingia kati.

Karibu na malisho palikuwa na kanisa la mbao, na jioni mwalimu mmoja alikuwa anafundisha kwaya ya watoto humo. Tulimwita Mwalimu Zakaria. Alikuwa ametoka mbali, Maragoli, ameletwa kufundisha shule ya huku, mwembamba, koti moja, na mke na watoto wake wamebaki kwao. Hakujua Kikuyu na sisi hatukujua lugha yake, tukakutana kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili kilikuwa kinachechemea pande zote mbili. Hiki changu kidogo kilianzia hapo.

Nilikuwa nasimama nje ya dirisha, mbuzi nyuma yangu. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ndefu, mifuko ya simiti iliyounganishwa kwa uji, na juu yake ameandika herufi zikipanda kama ngazi kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa chake: d, r, m, f, s, l, t, na juu kabisa d nyingine. Akigusa herufi kwa fimbo, watoto wanaimba. Akiruka, wanaruka. Mimi nilikuwa sijaona kitu kama hicho, watu kuambiwa waende wapi kwa fimbo na wasichapwe. Nikaanza kuimba pamoja nao huko nje bila kujua kwamba nasikika.

Akanyamazisha wote. Akaja dirishani.

"Wewe wa mbuzi. Rudia."

Nikarudia.

"Ingia ndani."

"Na mbuzi, Mwalimu?"

"Mbuzi waache hapo. Wao hawaendi Nanyuki."

Watoto wakacheka. Mimi nilisikia neno moja tu, Nanyuki.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mashindano ya kwaya za watoto huko, na lori la mtu wa kabichi lingetupeleka. Lakini lori lilikuwa dogo na watoto wengi, kwa hivyo Mwalimu alisema wataenda wanaojua kusoma wimbo. Ataandika wimbo ubaoni ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na kila mmoja ausome peke yake. "Asiyesoma habebwi," alisema. Basi nikajua kazi yangu ni nini. Wengine walitaka kupanda lori. Mimi nilikuwa nikienda kwa mama.

Nyanya alikataa kwanza. "Kuimba hakuleti kuni." Mwalimu akaja mwenyewe, akapewa uji, akaunywa wote bila kuongea, na hiyo ilimpendeza nyanya kuliko maneno. Akasema, "Aende. Lakini debe likilia anarudi, hata kama wimbo uko katikati." Ikawa hivyo. Wengine wote waliusikia wimbo ukiisha. Mimi niliondoka katikati, nikapanda kilima nikiwasikia wakiumalizia nyuma yangu.

Hizo herufi saba ndizo za kwanza nilizojua duniani. Wengine walikuwa wanakwenda shule, waliziona kama kitu cha kawaida. Mimi nilizichora mchangani kwa kijiti, d yenye tumbo nyuma, f yenye kichwa kilichoinama. Baadaye mtu alipoandika jina langu nikatafuta herufi zangu humo, nikapata r peke yake. Mwalimu pia alitufundisha kuzishika kwa mkono. Do ni ngumi. Mi ni kiganja kimelala kama unapapasa mgongo wa mbuzi. So ni kiganja kimesimama kinakutazama wewe. Na hii mikono haihitaji mtu. Siku nzima malishoni niliimba kwa mkono, mdomo umefungwa, na hakuna aliyejua kwamba pale kwenye mteremko kuna wimbo.

Kuandika wimbo, aligawa ubao kwa mistari iliyosimama, na kati ya mstari na mstari akaweka nukta mbili mbili, na kati ya nukta herufi. Kila kijumba ni pigo moja. Kukiwa na kistari, unavuta ile sauti uliyokuwa nayo. Na kulikuwa na vijumba vingine havina kitu, vitupu kabisa, sauti ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, mpaka chini.

Nikainua mkono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza.

"Mwalimu, hapa ni pa nani?"

"Hapo hakuna mtu. Hapo tunanyamaza."

"Wote?"

"Wote."

"Na atakuja lini?"

Akanitazama. Watoto wakaanza kucheka, na yeye akasema, "Hakuna anayekuja. Ni kimya tu. Hesabu ndani ya kichwa, usiimbe." Nikakaa. Sikumwamini. Kwetu nilikuwa nimeona kigoda cha baba na nilikuwa nimeona mahali pa mama palipofagiwa. Hakuna mtu mwenye akili anayeacha mahali hivi hivi. Nikasema moyoni, huyu naye ameambiwa asiulizwe, kama nyanya. Lakini yeye mwenyewe ameandika pale kwamba kuna mtu anangojwa.

Nilijifunza haraka, lakini kulikuwa na ruko moja lililonishinda. Kutoka so kushuka mpaka mi. Wengine walilipata siku ya kwanza, kwa sababu Mwalimu aliwaambia, "Hili mnalijua. Imbeni vile mama zenu huwaita jioni." Wote wakaimba, so-mi, so-mi, kanisa likajaa akina mama. Halafu akaanza kupitisha mmoja mmoja. Mumbi akaimba jina lake mwenyewe, Mu-mbii, sawa kabisa, akakaa chini akijipanga nguo. Akafika kwangu.

"Nyawira. Vile mama yako hukuita."

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu.

"Mwalimu," Mumbi akasema, "huyu huitwa na debe!"

Mtu akagonga benchi kwa kidole, ka-ka-ka. Mwingine naye. Benchi zote zikaanza kulia, ka-ka-ka, na Mwalimu hakujua wanacheka nini, alipiga tu fimbo ukutani wanyamaze. Kutoka siku hiyo nikawa Nyawira wa Debe. Hata mimi mwenyewe ningecheka, kama lingekuwa la mtu mwingine.

Jioni wengine walipoitwa kwao, Mwalimu alinibakisha. Alikuwa ameelewa, sijui nani alimwambia. Hakusema pole. Alisema, "Basi wewe hutaitwa. Wewe utatembea. Simama kwa so. Chini yake kuna fa. Usiikanyage. Iruke, ukae kwa mi." Mara hiyo debe likalia. Nikaondoka.

Njia yetu ya kwenda mtoni ilikuwa na ngazi zilizochimbwa kwa jembe kwenye udongo mwekundu, kwa sababu ya utelezi. Kesho yake nikashuka na mtungi wa maji mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, nikaanza kuzipa majina. Ya juu do. Ti. La. Nikifika so nasimama, nainua mguu, naruka moja, natua mi. Mara ya kwanza niliteleza nikakaa matakoni. Nikapanda tena. So. Ruka. Mi. Nikaimba kwa mguu na mdomo pamoja, na ikatoka, na ilipotoka ilikuwa ya mama.

Ndiyo ile. Juu, chini. Ilikuwa ni so na mi wakati wote. Nilisimama pale kwenye ngazi na mtungi mgongoni, nikaiimba tena nione kama itabaki, ikabaki. Sura ya mama nilikuwa nimeipoteza kabisa, nisiwadanganye, ukiniuliza pua yake ilikuwaje nisingejua. Lakini hizo sauti mbili sasa nilikuwa nazo, na nilijua majina yao, na hakuna debe lingeweza kuzifunika. Nilikaa pale chini sana. Nilichelewa, nikachapwa.

Siku ya kusoma ubaoni nilisoma wimbo wote bila kukosea, pamoja na vile vijumba vitupu, nikihesabu kichwani kama alivyotaka. Mumbi alisoma pia. Nyanya alipoambiwa nimechaguliwa alisema, "Nanyuki kuna baridi," akanipa sweta yake. Nikamwomba mwanamke mmoja wa sokoni Karatina, aliyekuwa anapeleka viazi huko, amwambie mama kwamba kwaya inakuja na mimi nimo. Akanitazama kwa huruma, mimi nikadhani ni kwa sababu ya sweta, maana ilikuwa inanifika magotini. Akasema, "Nitamwambia, mama."

Lori lilikuwa linanuka kabichi iliyooza. Tulipita Naro Moru mlima ukiwa wazi mpaka juu, mweupe, na watoto wote wakaimba njia nzima. Mimi niliimba kwa mkono ndani ya mkono wa sweta.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanajeshi, akina mama wa kanisa, wafanyabiashara wenye kofia nyeupe wamekaa pembeni pamoja. Waamuzi walikuwa mbele na meza yao. Tulipopanda jukwaani nikaanza kumtafuta mama, ndipo nikagundua shida yangu: sikujua natafuta nani. Kila mwanamke wa kitambaa cheupe kichwani nilimfanya mama kwa muda kidogo, halafu nikamwacha nikaenda kwa mwingine. Mwalimu akagonga chuma chake chenye meno mawili, cha kutafutia sauti, kwenye goti, akakiweka sikioni, akatupa do.

Wimbo ulikwenda vizuri. Hata leo najua ulikwenda vizuri. Karibu na mwisho palikuwa na mahali pa kunyamaza, pale vijumba vinapokuwa vitupu, sauti zote, kisha tuingie pamoja kwa nguvu. Tukafika hapo. Mkono wa Mwalimu ukafunga. Kimya. Watu wengi wakadhani tumemaliza, nikaona mmoja anainua mikono apige makofi.

Na ndani ya kimya hicho, kutoka nyuma ya ukumbi, mwanamke akaita. Bila jina. Juu, chini.

So. Mi.

"Yuu!" nikaitika.

Niliitika kwa nguvu, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mbona nisiitike? Nilikuwa nimeambiwa kwa maandishi kwamba mahali hapo pameachwa wazi, na mwenyewe amefika. Sauti yangu ikazunguka ukumbi ule peke yake. Kisha watu wakacheka. Mwalimu mkono wake ulikuwa bado umefungwa hewani, na alipoufungua nusu ya kwaya iliingia na nusu ikabaki, na wimbo ukaisha kama mzigo unaoanguka kutoka kwa punda.

Kati ya benchi na benchi kulikuwa na mtoto mdogo, wa kiume, ndiyo kwanza anajua kukimbia, anakuja mbele kwetu na kipande cha muhogo mkononi. Nyuma yake mwanamke ameinama anamfuata. Mtoto ndiye aliyekuwa anaitwa. Mwanamke akamdaka mtoto, akainua kichwa, akaniona, akaweka kiganja mdomoni. Na mara hiyo pua nikaikumbuka.

Aliningoja nje, karibu na ua wa mikaratusi. Mbali kidogo mwanamume alikuwa ameshika baisikeli, anatazama barabara.

"Umekua," mama akasema. "Sweta ni ya mama mkwe."

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Ndiyo." Sikuwa nimekula.

"Na huyu ni nani?" nikauliza, ingawa mtoto alikuwa na kidevu changu.

"Ni ndugu yako." Akamhamisha mtoto kiunoni upande mwingine. "Cucu hakukuambia?" Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikuyu.

"Aliniambia uko kazi."

Mama akatazama chini. Akasema, "Niliolewa, Nyawira." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja hilo jina, kwa sababu sasa halikuwa tena la mama mkwe wake. "Nilitaka nikubebe. Wazee wa baba yako walisema mtoto ni wa boma. Cucu amebaki na wewe tu. Ningekuchukua, angebaki na nani?"

Hilo swali mpaka leo nikiligeuza naona lilikuwa la haki. Lakini mtoto haulizwi swali la haki.

"Basi hurudi."

"Kwako ni kule. Nitakuja nikuone."

Yule mwanamume akagonga kengele ya baisikeli, pole pole, mara moja, kama mtu anayeomba msamaha. Mama akanipangusa uso kwa pembe ya leso yake, ingawa sikuwa nalia, akaondoka. Alipofika barabarani akageuka. Ndipo nikainua mkono nikamwimbia. Kiganja kimesimama, so. Kiganja kimelala, mi. So, mi. Nilitaka ajue kwamba ninazo, kwamba nimezipata mwenyewe bila kuambiwa. Lakini mama hakujua kusoma mkono. Akadhani namwambia kwaheri. Akanipungia, na mtoto naye akanipungia na muhogo wake.

Kurudi hakuna aliyeimba. Hatukupata kitu, na wote walijua ni kwa sababu gani. Mumbi alisema mara moja tu, "Ati aliitika!" na wengine hawakucheka, ikawa mbaya zaidi. Mwalimu alikuja nyuma ya lori akakaa karibu nami juu ya gunia. Nilingoja anigombeze.

"Pale palikuwa pa kunyamaza," akasema.

"Aliniita, Mwalimu."

"Nilisikia." Tukapita daraja. "So, mi. Alikuwa sawa kabisa. Hakupotea hata kidogo." Halafu akafunga koti lake na kutazama nyuma, upande ambao barabara ilikuwa inatoka, na nikaona kwamba naye kwao hakuna aliyemwita siku nyingi.

Jioni hiyo nilipanda kilima kurudi nyumbani peke yangu. Lakini kabla sijafika mlangoni, nyanya alikuwa amesimama nje na mwiko. Sijui aliambiwa na nani. Sokoni maneno hutembea kuliko lori. Alikuwa ananiona. Nilikuwa nimeshaingia kwenye ua, hata uso wangu alikuwa anauona. Akapiga debe tu, ka-ka-ka, akinitazama, akapiga tena, mpaka nikasema, "Nimefika, Cucu." Ndipo akaliweka chini. Hatukuzungumza habari ya Nanyuki. Lakini usiku huo aliweka kuni mahali pa mama.

Baada ya hapo nilijaribu kulitafutia lile debe mahali kwenye ngazi ya Mwalimu. Halikukaa popote. Si fa, si so, lilikuwa katikati, ambako hakuna herufi. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata na karatasi yake ya simiti ikaliwa na mchwa. Mama alikuja kuniona, mara chache, kama alivyosema, na alipokufa nilikwenda Nanyuki kumzika na yule ndugu yangu tukashika jembe pamoja. Nyanya alinilea mpaka nikaolewa, na alilipiga debe mpaka wiki aliyolala na hakuamka. Nami nikaja na hilo debe hapa Mweiga, katika vitu vyangu. Msiniulize kwa nini. Katika kwaya ya akina mama kanisani kwetu, wanajua kwamba hakuna anayenyamaza kwa wakati kuliko mimi. Mahali pa wazi nahesabu kichwani, mdomo nimeufunga, lakini sikio huwa liko mlangoni. Hilo sijaweza kulifundisha.

Basi juzi, debe limeshalia, maharagwe yameshaokotwa, chakula kimeiva. Mjukuu wangu wa kike alikuwa kule chini kwa shamba la viazi na wenzake, na giza linaingia. Mama yake, mke wa mwanangu, akatoa simu mfukoni akaanza kuibonyeza. Nikamwuliza, unapigia nani? Akasema, "Namwambia aje ale, Mama. Yuko hapo tu." Yuko hapo tu! Nikasimama. Na mimi nikisimama bila fimbo, wote wa nyumba hii wanajua ni jambo gani.

Nikawaambia hivi, mwanangu, mke wake, na wote waliokuwa jikoni. Debe rudisheni ndani, kuku watafutiwe kiota kingine, na asiligonge mtu tena. Na kuanzia leo, katika boma langu mtoto haitwi kwa simu, wala kwa kitu cha kugonga, wala kwa kutumwa mwingine. Jina ni la mama mkwe wako, ni langu, najua, litaje hivyo hivyo. Weka hiyo simu chini, toka nje, simama pale juu ya viazi, umwite kwa mdomo wako. Na usirudi ndani mpaka aitike.